Mara tatu nilimjibu, mara ya nne nikamuuliza

"Salio, mjukuu wangu."

Kitochi chake kilikuwa tayari kimeshapita dirishani, kimefungwa kwa raba ili betri isidondoke. Nyuma yake foleni ilikuwa imetoka kivulini na kuingia juani. Mimi nilikuwa na simu mbili mkononi, mashine ya benki mezani, na pembeni yangu mtu anahesabu upya laki sita ambazo nilikuwa nimeshamhesabia. Sikuinua uso. Bibi akataja namba yake ya siri kwa sauti, tarakimu zote nne, watu wote wanasikia, nami nikabonyeza.

"Elfu mbili na mia nne, Bibi. Anayefuata!"

Akasema ahsante, akakifunga kitochi kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi akarudi. Salio, mjukuu wangu. Pesa ilikuwa ile ile, imepungua kidogo tu kwa sababu kuangalia salio nako kuna makato yake. Jumanne iliyofuata akarudi tena, na mimi nikamjibu tena, na safari hii niliona hasira inanipanda kifuani. Nikajisemea: huyu bibi anakuja kunipotezea muda.

Nimeibeba sentensi hiyo tangu Desemba. Naiandika leo kwa sababu haikubali kukaa kimya.

Msimu

Wasomaji wangu wa Newala, Tandahimba na Masasi hamna haja ya kuelezwa Desemba ya wakala wa pesa ikoje. Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia, mji mzima unataka noti. Floti, yaani pesa ya wakala iliyo kwenye mtandao, inajaa kwenye simu, fedha taslimu zinakauka kwenye droo, na unamtuma mtu benki mara mbili au tatu kwa siku akafuate noti nyingine. Kamisheni yetu inatokana na muamala. Mteja akikaa dirishani dakika kumi, kamisheni yake haiongezeki hata senti.

Kwa hiyo nilijifunza kasi, na nilijivunia kasi yangu. Mdogo wangu aliwahi kunipima kwa saa ya simu: sekunde arobaini kwa mteja, kuanzia namba mpaka risiti. Nilifurahi siku ile kama niliyepewa cheti.

Shikamoo nilikuwa naitikiwa bila kumwona aliyeitikia.

Jumamosi

Ningependa kuandika kwamba siku ya nne niliamua kuwa mtu mwema. Haikuwa hivyo. Siku ya nne noti zilikuwa zimeniishia.

Mdogo wangu alikuwa ameenda benki na hakuwa amerudi. Wateja wa kutoa pesa walikuwa wameketi kwenye benchi na juu ya mawe, wanangoja. Mikono yangu ilikuwa mitupu kwa mara ya kwanza tangu saa mbili asubuhi. Bibi akafika, na kwa kuwa yeye alitaka salio tu, watu wakampisha. Nikampa jibu lake. Akasema ahsante. Kisha, kwa kuwa sikuwa na anayefuata wa kumwita, nikamtazama.

Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Anatoka upande wa Kitangari. Bodaboda kuja na kurudi ni pesa ambayo kwenye simu yake haikuwapo, kwa hiyo mahali fulani alikuwa anaikopa, au anatembea.

"Bibi, unatafuta nini hasa?"

Hakujibu mara moja. Alifungua pindo, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Stakabadhi za korosho. Moja ya kilo 86, nyingine ya kilo 112.

"Natafuta hela ya shamba la marehemu," akasema.

Nikamvutia kigoda, akaketi, akaanza kueleza. Ana mashamba mawili. La kwake mwenyewe liko karibu na nyumbani, na korosho zake alizipeleka chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa kijijini kwake. Hela hiyo iliingia mapema, akaitoa kwangu mimi mwenyewe, wala sikumbuki. La pili ni la marehemu mume wake, liko kijiji cha jirani, na korosho za huko alizipeleka chama cha huko. Hiyo ndiyo kilo 112. Wenzake waliopima siku moja naye walikuwa wameshalipwa, wengine wameshanunua mabati.

"Kwa nini hukusema, Bibi?"

"Mwaka ule wa jeshi tulingoja mpaka mvua zikatuishia. Nikajua na mara hii ni hivyo hivyo."

Mwaka ule wa jeshi ni 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakazisomba kutoka maghalani, na malipo yakawa yanasubiri uhakiki. Kwa sisi wa mjini hiyo ni habari ya zamani. Kwake ndiyo kanuni: hela ya korosho huja inapotaka, wewe kazi yako ni kuchungulia.

Halafu akasema jambo lililonikalisha chini. Mjukuu wake alikuwa anaanza darasa la kwanza Januari. Mtu mmoja alikuwa ameshampitia nyumbani: atanunua sare, viatu na madaftari, na Bibi atamlipa mwakani kwa korosho, kwa kipimo chake yeye huyo mtu.

Kangomba, ununuzi wa korosho wa kichochoroni, nje ya mnada.

Mikorosho ya mwakani ilikuwa haijatoa hata ua moja, na tayari ilikuwa inauzwa. Alitakiwa atoe jibu Jumatatu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007 uliletwa ili mkulima apate bei ya mnada badala ya bei ya mtu aliyemkuta na shida. Bibi alikuwa ndani ya mfumo huo kwa miguu yote miwili, ana karatasi zake, na bado yule wa kangomba alikuwa anamsogelea. Katikati yake na laki tatu na ushee zake nilikuwa nimekaa mimi, kwenye dirisha langu, na sekunde zangu arobaini.

Dada wa upande wa pili

Nikapiga huduma kwa wateja ya benki yake. Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu watu wa simu tunawalaumu sana, na aliyepokea siku ile anastahili kusimuliwa.

Tulingoja muziki ukicheza mpaka nikataka kukata. Alipopokea nikamweleza kwa mwendo wangu wa kawaida, maneno yamefungana. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Dada yangu, nimekuelewa. Mwenye akaunti yupo hapo? Naomba niongee naye mwenyewe."

Nikamwambia Bibi hasikii vizuri simu, mimi ni wakala, nina kila kitu hapa mbele yangu. Akasema tena, bila kupandisha sauti: naomba niongee naye. Niliona ni usumbufu. Nikaweka sauti ya nje, nikamsogezea Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Za huko Newala?"

Akajibiwa za Newala, za mvua, za miguu. Akamuuliza jina lake lote, mwaka wa kuzaliwa, mara ya mwisho alitoa shilingi ngapi. Bibi akikosea, anamwambia tu, "Hebu fikiri tena, Bibi, nipo." Neno hilo, nipo, alilisema mara nne au tano. Nilikuwa nahesabu, maana kila likisemwa mimi nilikuwa natazama foleni.

Katikati Bibi akataka kutaja namba ya siri, kama alivyozoea. Yule dada akamkatiza kwa mara ya kwanza: "Hapana Bibi, hiyo usinipe mimi, wala usimpe mtu yeyote, hata huyo aliyekaa na wewe."

Aliyekaa na yeye nilikuwa mimi.

Hakuweza kuileta hela, na alilisema hilo wazi: hela haijawahi kufika kwenye akaunti hii, kwa hiyo benki haina cha kurudisha. Lakini hakuishia hapo. Akasema mara nyingi kinachokosewa ni namba ya akaunti kwenye orodha ya malipo, hela inakwenda inagonga ukuta inarudi. Twende kwa karani wa chama kile cha pili na karatasi ya benki yenye namba. "Na mkifika, msimwonyeshe tu. Mwambieni aisome ya kwake kwa sauti, tarakimu moja moja, na nyie mfuatishe ya kwenu."

Simu nzima ilichukua dakika 22. Nilipoikata, mdogo wangu alikuwa amesharudi na noti, na watu wa kwenye benchi walikuwa wamesimama.

Jumatatu asubuhi niliacha dirisha kwa mdogo wangu, nikampakia Bibi kwenye bodaboda tukaenda. Karani hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na foleni yake, ukutani, wanaume wamechuchumaa. Akafungua daftari, akasoma kwa sauti tarakimu moja moja, na Bibi ambaye hajui kusoma alikuwa ameshaikariri namba yake usiku mzima na mjukuu. Walipofika katikati ni yeye aliyeinua mkono.

Kwenye karatasi ni 47. Kwenye daftari ni 74.

Karani akaivuta karatasi, akaitazama muda mrefu. Akasema, "Siku ile tulipima mpaka saa tatu usiku." Nilimwelewa kuliko alivyojua. Hela iliingia baada ya siku tisa. Yule mtu wa kangomba alikuwa ameshajibiwa hapana.

Foleni nayo ni watu

Ningeishia hapo kisa kingekuwa kizuri, na kingekuwa cha uongo.

Jumamosi ile, wakati simu inacheza muziki, dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa wa tatu kwenye foleni alisema, "Dada, na sisi ni watu." Nikamwonyesha kiganja, subiri. Akaondoka. Alikuwa mteja wangu wa miaka mitatu, kila jioni ananiletea hesabu ya tajiri wake niitume. Hajarudi. Nikikutana naye stendi ananisalimia vizuri tu, lakini anatumia dirisha la mbele.

Na alikuwa sahihi. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Dakika 22 nilizompa Bibi sikuzitoa mfukoni mwangu. Nilizichukua kwa watu kumi na moja waliokuwa juani, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni, na sikuwaomba. Nani amesema shida ya Bibi ilikuwa kubwa kuliko ya yule mama? Sikumuuliza yule mama. Labda naye alikuwa na karatasi ndani ya mfuko ndani ya mfuko.

Jumapili iliyofuata nilienda kukaa Shimo la Mungu. Wageni huenda pale kupiga picha, na sisi wenyeji huenda tukiwa na neno zito. Ardhi inakatika miguuni pako, kisha ni tambarare mpaka bonde la Ruvuma, na kule kwenye ukungu ni Msumbiji. Nikakaa na hesabu zangu. Mara tatu nilimhudumia Bibi kwa kasi, na mara zote tatu nilimpa jibu sahihi. Hakuna mkaguzi angenikuta na kosa. Salio aliloomba ndilo nililompa. Lakini salio halikuwa shida yake. Lilikuwa neno pekee alilolijua la kuingilia dirishani kwangu, kama mtu anayebisha hodi, na mimi kila mara niliitikia hodi, nikamwacha nje.

Wangapi wengine huja na neno moja tu?

Nilijiuliza pia kama kosa ni langu au ni la kazi. Kamisheni ikihesabiwa kwa muamala, anayesikiliza anapata kidogo kuliko asiyesikiliza, na kodi ya chumba haimwulizi mtu alisikiliza wangapi. Mpaka leo sina jibu. Najua tu kwamba tangu ile Jumamosi, mtu akija kuangalia salio mara ya pili ndani ya wiki moja, namuuliza anangoja nini. Swali lenyewe ni sekunde tano. Wengi hunijibu "nachungulia tu," na tunaendelea. Mpaka mwisho wa Januari wawili walikuwa na shida kama ya Bibi, mmoja jina lake limeandikwa vibaya, mwingine chama kina namba ya akaunti aliyoifunga zamani.

Siku nyingine sijaweza. Kuna Ijumaa moja nilikuwa na homa, noti hazitoshi, mtandao unakatika, na nilimkaripia mzee kwa sababu aliniomba nirudie. Alikaa kimya. Nilimtafuta wiki nzima nimwombe radhi, na sijamwona.

Mimi sipo kwenye foleni

Hili ni fupi kwa sababu linauma.

Katikati ya Desemba, nyumbani, binti yangu wa miaka tisa aliniuliza kama kesho kuna chai ya maziwa. Nikamjibu ipo, nikageukia kuhesabu daftari. Akabaki amesimama. Nikamwambia, haya, nini tena? Akasema, "Mama, mimi sipo kwenye foleni."

Ilikuwa siku ya kufunga shule. Alikuwa ameshika ripoti yake nyuma ya mgongo.

Tangu mwaka mpya nafunga dirisha saa kumi na moja jioni. Zamani nilikuwa nafunga saa mbili usiku. Nimepoteza kamisheni, siwezi kusema sijaiona ikipotea. Naifidia kidogo kwa kuuza vocha na kutoa kopi, na mwezi wa pili ulikuwa mgumu.

Tarakimu nne

Limebaki jambo la namba ya siri.

Kwa miaka nimekuwa nikibonyeza namba za siri za wazee. Sijawahi kumwibia mtu, na nilikuwa nafikiri hiyo inatosha. Ni haraka zaidi: mzee anataja, mimi nabonyeza, tumemaliza. Lakini kila alipotaja, alitaja mbele ya foleni nzima, na mimi ndiye niliyemzoesha kwamba namba ya siri ni kitu cha kupaziwa sauti. Yule dada wa simu alilisema kwa upole, na nilikuwa nimeketi pale pale kwenye sauti ya nje nikilisikia.

Kwa hiyo Bibi alipokuja kutoa hela ya shamba la marehemu, sikukipokea kitochi. Nikamwambia abonyeze mwenyewe.

Akacheka. Akasema macho yake na yale maandishi hawajuani. Nikamwambia hahitaji kusoma, anahitaji kujua mahali tu. Nikamwonyesha: safu ya juu vitatu, ya pili vitatu, ya tatu vitatu, na sifuri chini katikati. Akavitazama vile vitufe, kisha akasema, "Kama mashimo ya bao la mzee wangu."

Ndivyo tulivyofundishana. Kwanza tulibadilisha ile ya zamani iliyojulikana na stendi nzima. Akachagua mpya mwenyewe, sikuitaka kuijua, ila nilimsikia anainong'ona: huku, huku, shuka, rudi. Siku ya kwanza alikosea mara mbili, na mara ya tatu simu ingejifunga, tukaacha. Siku ya pili alipatia, akasahau kubonyeza kukubali. Alikuwa anakuja asubuhi, saa moja na nusu, kabla foleni haijaanza, nami nilikuwa nafungua mapema kwa ajili yake. Nilikuwa nampa uji, ananieleza namna ya kubangua.

Na hapo nilijifunza kwamba Bibi si mtu wa polepole. Nilikuwa nimemweka kwenye fungu la wazee wanaochelewesha watu. Msimu ukifika anaingia shambani alfajiri, kwa sababu korosho iliyolala na mvua inapungua daraja. Kwenye moto anachoma upesi, maana mafuta ya ganda yakishika huwaka yakakuunguza. Ila kwenye kubangua, alisema, hapo ndipo anapoketi. Moja, unaigeuza, unatafuta mshono wake, unagonga. Ukigonga ovyo unapata vipande, na vipande havina bei ya korosho nzima.

Wiki iliyopita alikuja. Mjukuu wake alikuwa naye, amevaa sare, soksi zimevutwa mpaka magotini. Aliniletea mfuko wa ming'oko ya kuchemsha, bado ya moto, akataka kutoa elfu ishirini.

Nikaandaa muamala kwa upande wangu, nikamwambia, haya Bibi, weka namba. Nikasubiri nikiwa nimeegemea dirisha, namtazama, kwa sababu nilitaka kumwona akiweza.

Hakubonyeza. Akavuta kanga akaifunika simu, akanigeuzia bega.

"Geuka huko," akaniambia.

Nikageuka.